Wambeya wa Kiwanda cha Pamba

Siku mliyoniaga pale karakana mlinipa kiti cha kukunja, mkapiga makofi, kisha Masereka wa zamu ya asubuhi akaninong'oneza kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine: "Mzee Kule, andika basi tusome. Ukianza kusimulia kwa mdomo hatuendi nyumbani." Nimekaa juu ya kiti hicho hicho ninaandika. Kinayumba. Aliyekaza skrubu zake ni mmoja wenu, na ninamjua kwa kazi yake.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mkiisikia mtacheka mpaka mashine zisimame. Nitaandika jinsi kiwanda chetu cha kuchambua pamba hapa Kasese kilivyoendelea kufanya kazi miaka ambayo viwanda vingine vilifungwa, vikaota majani. Maofisa walikuja baadaye kutuuliza siri. Niliwaambia kwamba mafundi wa huku tulikuwa wambeya. Wakadhani ninawatania.

Niliingia kiwandani katikati ya miaka ya sitini, nikishuka kutoka Mahango na suruali ya kaka yangu. Kule mlimani mashine kubwa niliyokuwa nimeiona ilikuwa cherehani ya katekista. Asubuhi ya kwanza wenyeji walinituma stoo nikachukue ndoo ya mvuke. Nilikwenda. Mtunza stoo, mtu mwenye uso wa msiba, alinipa ndoo tupu akaniambia niifunike vizuri isije ikapoa. Niliibeba kwa mikono miwili mpaka karakana, nikaikabidhi kwa heshima. Baadhi yenu mnawafanyia wageni mchezo huo huo hadi leo mkidhani ni wenu.

Aliyenipokea ndoo hakucheka. Alikuwa Bwana Premji, fundi mkuu, Mhindi mwembamba aliyekuwa amefanya kazi Jinja kabla ya reli kufika huku. Alikuwa na fimbo ya chuma ndefu kama mkono. Aliweka ncha moja kwenye mashine inayozunguka, nyingine akaibana kwa meno, akafumba macho kama anayeonja mchuzi.

"Wewe kuja," aliniambia. "Uma hii."

Niliiuma. Kichwa kizima kilijaa mngurumo, na ndani ya mngurumo kulikuwa na kitu kinachokwaruza.

"Nasikia?"

"Nasikia, Bwana."

"Nini?"

"Sijui."

"Mzuri. Mutu anajua siku ya kwanza, mimi nafukuza."

Kwa wasiofanya kazi kwetu nieleze kidogo. Pamba ikitoka shambani ina mbegu ndani. Mashine ya kuchambulia ina roli, yaani mhimili wa chuma uliovishwa vipande vya ngozi vya mviringo, vimepangwa na kubanwa pamoja kama chapati nyingi kwenye mshikaki. Ngozi hiyo inakamata nyuzi na kuzivuta, na kisu kilicho kando yake kinazuia mbegu zisipite. Ngozi ikiwa laini mno inaungua. Ikiwa ngumu mno haishiki kitu. Ikilegea, unatengeneza takataka. Premji alinifundisha kuipanga, kuibana kwa jeki na kuisawazisha mpaka mkono ukipita juu yake usikwame popote. Nilijifunza kwa miaka, na kila mwaka aliniambia kwamba sasa ninakaribia kuanza kuelewa.

Shule yetu ya pili ilikuwa chai ya Jumamosi. Mafundi wote wa eneo hili walikuja kibarazani kwa Premji: wa reli, wa migodi, wa pampu za maji kule Mubuku, wa mashine za kukoboa kahawa. Chai ilikuwa na tangawizi na pilipili manga hadi machozi. Mazungumzo yalikuwa umbeya mtupu. Fulani amevunja shafti kwa kiburi. Fulani ametengeneza gasketi kwa ngozi ya viatu vya mkewe na sasa analala kwa jirani. Tulicheka, tukarudi nyumbani, na Jumatatu mtu akipatwa na tatizo alikuwa tayari anajua ni nani alishapatwa nalo.

Mmoja tu alikunywa bila kuchangia. Thembo, fundi wa mashine ya kahawa ya Bwera, alikuja na shati limepigwa pasi, akasikiliza ya wenzake yote, na akiulizwa lake alisema, "Ah, hiyo ni siri ya kazi." Alikuwa anafunga mlango wa karakana kwa kufuli mbili. Tulimwita Benki.

Kisha ilitoka amri kwamba Wahindi waondoke nchini. Premji alitumia siku zake za mwisho kukagua mashine moja baada ya nyingine, kama mtu anayewaaga watoto wa bweni. Nilimfuata nikiwa na spana mkononi. Alipomaliza alikaa juu ya robota la pamba.

"Kule, kufunga ngozi, mimi nimefundisha wewe. Kutengeneza ngozi, mimi hapana jua."

"Hujui?"

"Inakuja kwa boksi kutoka ng'ambo. Mimi nafungua boksi tu."

Miaka yote hiyo nilidhani hakuna asilolijua. Nikamuuliza ni nani basi anayejua, kwa kuwa maboksi yaliyobaki stoo yalikuwa ya msimu mmoja.

"Uliza mutu," alisema. "Yeye hapana jua, uliza ile mutu yeye anauliza. Usione haya. Haya ni kwa harusi."

Fimbo yake ya chuma aliondoka nayo. Ninajaribu mara nyingine kufikiria askari wa uwanja wa ndege walivyoitazama.

Msimu ule tulijikokota. Uliofuata, roli zikaisha. Tuliletewa meneja mpya kutoka Kampala, mtu mpole aliyewahi kuuza baiskeli, na yeye alifanya alilojua: aliagiza. Aliagiza tena. Kila jibu lilisema ombi linashughulikiwa. Wakati huo pamba ilikuwa imekomaa vizuri kuliko miaka yote, maana pamba haina adabu, hustawi usipoihitaji. Wakulima waliijaza majumbani. Baba mkwe wangu wa Kitswamba alijaza chumba cha kulala, kisha sebule, kisha jiko. Nilipokwenda kumsalimu alinipokea uani.

"Mwanangu, karibu, ila hakuna pa kukukaribisha," alisema. "Ninalala juu ya pamba kama mfalme. Mama yako anapikia mvuani na chumvi imekwisha. Fundi wa pamba ni nani vile huko kiwandani? Nimesahau jina lake."

Jina langu alilijua barabara. Alikuwa na jembe begani. Aliniambia kwamba yeye na jirani zake wamekubaliana: mvua zijazo zikifika na kiwanda bado kimya, watang'oa pamba yote wapande mihogo, wala hawatapanda pamba tena maishani. Hakuwa ananitania tena. Kiwanda kisipopata pamba kinakufa, na kikifa, reli haina cha kubeba, na soko la Kasese linabaki na vumbi lake.

Nilijaribu ngozi ya ng'ombe kutoka buchani. Niliikausha juani, nikaikata, nikaibana kwenye roli, nikawasha. Ilitoa moshi, kisha harufu ya nyama choma, na wapishi wa kantini wakaja kuuliza kuna sherehe gani. Pamba ilitoka na rangi ya meno ya mvutaji. Nikazima.

Nikapanda lori kwenda Bwera kumwona Thembo, kwa sababu mashine yake ya kahawa ilikuwa na mikanda ya ngozi na ilikuwa bado inazunguka. Nilimkuta amesimama mlangoni, kufuli zote mbili nyuma ya mgongo wake.

"Ngozi nzuri unaitoa wapi, Thembo?"

"Ah, Kule. Hiyo ni siri ya kazi."

"Watu wa Kitswamba watang'oa pamba."

"Mimi ni mtu wa kahawa," alisema, akaipangusa kola yake.

Nilikwenda soko la pale Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, kukaa na hasira zangu kando ya mama mmoja aliyekuwa akiuza maharage na vitenge. Alikuwa Mama Kavira, Mkongomani wa Butembo, Mkatoliki aliyevaa rozari kubwa kama mnyororo wa baiskeli. Alivuka mpaka kila wiki na hakuna jambo la pande zote mbili lililompita. Nilikuwa ninazungusha mkononi kipande cha ngozi kutoka roli ya zamani.

"Fundi, juu ya nini uko na uso kama mutu alikula limau?" aliuliza.

Nilimweleza, ili nipoze moyo tu. Alininyang'anya kile kipande, akakinusa, akakiuma.

"Hii ngozi walipika na maganda ya miti. Halafu walipiga na nyundo mingi. Kwetu Butembo iko mutu moja, Papa Musubao. Alifanyaka mikanda ya mashine ya wazungu wa kahawa. Wazungu walienda, yeye iko. Huyu Thembo ngozi yake inatoka kwa Musubao. Mimi ndiye ninamuletea!"

Siri ya kazi ilikuwa imekaa sokoni juu ya gunia la maharage.

Aliondoka na kipande changu ndani ya kitenge chake. Wiki iliyofuata alirudi na jibu. Papa Musubao alikuwa ametazama, akasema anaweza, ngozi nyingine nzito anayo tayari kwenye mashimo yake ya kulowekea ngozi kwa magome. Ila pesa za Uganda hakuzitaka, na sisi wenyewe tulikuwa tumeanza kutozitaka. Alikuwa na injini ya dizeli iliyokufa, ya kuzungushia mtambo wake wa kubania ngozi. Alitaka kujua namna ya kuifufua.

Kuandika maelezo ilikuwa hatari, maana mtu aliyekamatwa mpakani na karatasi yenye michoro aliitwa jasusi. Kwa hiyo nilimfundisha Mama Kavira kwa mdomo, pale pale sokoni, nikitumia sufuria na vijiko. Nilimweleza jinsi hewa ikiingia kwenye bomba la mafuta inavyozuia injini isiwake, na namna ya kuitoa. Alirudia yote akiwa anapima maharage ya wateja.

"Bon. Unalegeza ile skuru ya juu, unapiga pampu na mukono, povu inatoka, inatoka, mafuta safi inakuja, unafunga. Kama haiwake, unatazama kama valvu imekwama. Sawa vile mutoto iko na mafua."

"Sikusema mafua."

"Mimi nimesema. Papa Musubao iko na watoto tisa, ataelewa."

Injini iliwaka. Mama Kavira alirudi akitembea kama daktari. Tangu siku hiyo wenye mashine za kusaga unga njia nzima ya Butembo walimsimamisha kumuuliza, na wengine aliwajibu mambo ambayo mimi sikumfundisha. Akarudi kwangu na maswali magumu kuliko mliyowahi kuniuliza ninyi.

Ngozi ilivuka mpaka chini ya maharage. Nilikwenda kuipokea na lori la kiwanda, Mama Kavira akapanda mbele na rozari yake. Hatukufika mbali. Kulikuwa na kizuizi cha jeshi barabarani, na siku zile kizuizi kingeweza kuwa mahali pa mwisho watu kukuona.

"Wewe! Shuka! Mikono juu! Hii nini iko chini ya maharagwe?"

Alikuwa sajini, mtu wa kaskazini, mrefu, bunduki imemkaa mwilini kama kiungo. Jina lake Adriko. Vijana wake walikwisha kumwaga magunia yetu barabarani.

"Ngozi, afande."

"Magendo!"

"Ya kiwanda cha pamba, afande. Ya kuvisha mashine."

"Kila mutu nasema kiwanda! Jana moja nasema sukari ya kiwanda!"

Mama Kavira alikuwa amefumba macho akisali kwa Kifaransa. Adriko aliokota kipande cha ngozi ili anipige nacho, nadhani. Lakini alikipinda, akasita. Akakigonga kwa kucha. Akakiweka sikioni, akakigonga tena, na uso wake ukabadilika.

"Nani nilitengeneza hii?"

"Mzee wa Butembo, afande."

"Najua kazi. Wewe utafanya nini na hii?"

Nilimweleza: kukata, kupanga, kubana, kusawazisha.

"Halafu nawasha?"

"Ndiyo, afande."

"Mujinga!" Alinifokea mbele ya barabara nzima. "Ngozi iko na maji ndani! Leo nabana, kesho nakauka, nalegea, mashine nakula yote! Baba yangu nilitengeneza ngoma. Ngozi nakauka ikiwa imefungwa! Kila asubuhi nakaza. Kila asubuhi! Mpaka nakataa kukazwa. Ndiyo unapiga."

Premji hakuwahi kuniambia hayo, kwa sababu ngozi yake ilikuja kavu ndani ya boksi. Nilisahau hofu, nikateremsha mikono nikamuuliza tuikaze kwa kiasi gani. Alijibu. Nikauliza kama kivulini au juani. Alijibu, akachuchumaa, akachora mchangani. Vijana wake walitazamana. Alipogundua kwamba wanamtazama alisimama, akanyoosha kofia.

"Nyinyi wote iko chini ya ulinzi!" alisema. "Panda gari. Mimi nakupeleka kiwanda. Ushahidi nakagua huko."

Basi tulifanya kazi tukiwa tumekamatwa. Kila asubuhi Sajini Adriko alikuja kutoka kambini, akaegemeza bunduki kwenye robota, na kuamuru roli zikazwe. Meneja wetu aliyekuwa akiuza baiskeli alimpa kiti na kujificha. Kambini mkubwa wake aliambiwa kwamba uchunguzi unaendelea, na kweli uliendelea. Wanawake wa kuchagua pamba walimletea mahindi ya kuchemsha kutoka Mubuku. Alikula akituita majambazi.

Roli zilipokataa kukazwa tulizisawazisha, tukawasha. Wakulima walikuwa wamejaa hadi langoni, baba mkwe wangu mbele na jembe lake. Mashine ilinguruma, ikala pamba, na nyuzi zikaanza kudondoka upande wa pili, nyeupe. Mzee alizichukua, akazisugua kati ya vidole, akazitazama kwa muda mrefu.

"Sasa nimekumbuka jina lake," alisema. "Anaitwa Kule."

Wakaenda kuleta magunia. Adriko alitangaza kwamba ushahidi umetosha na hakuna kesi. Nilimwona akifuta macho. Alisema ni vumbi la pamba, na kwa kweli vumbi lilikuwa jingi.

Ngozi ya Butembo haikudumu kama ya ng'ambo, lakini iliweza kupatikana tena, na hilo lilitufaa kuliko kudumu. Mafundi wa viwanda vingine walipokuja, wengine kutoka mbali, niliwaambia yote na kuwanywesha chai. Thembo naye alikuja siku moja, shati limekunjamana. Mashine yake ilikuwa imesimama. Ngozi ilimfikia, ila mikanda ililegea kila baada ya siku chache. Alisema anauliza kwa niaba ya rafiki. Nilimweleza rafiki huyo namna ya kukausha ngozi ikiwa imekazwa. Thembo akanisogelea, akatazama huku na huku, na kwa mara ya kwanza maishani akanifungulia siri yake ya kazi: ukipaka mkanda mafuta ya mbarika hautelezi. Nilimshukuru sana. Premji alitufundisha hilo Jumamosi moja ambayo Thembo hakuja.

Vita vilipofika mwishoni mwa miaka ya sabini, jeshi lile lilikimbia. Waliobaki nyuma, pamoja na wake na watoto, walitafutwa na watu waliokuwa na madeni mengi ya kulipiza, na siwezi kuwalaumu wote. Adriko alikuja kiwandani mchana, amevaa kanzu ya kuazima, mkewe na watoto nyuma yake. Hakuniamuru kitu.

Mama Kavira alikuwa nasi siku hiyo. Alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Fundi, huyu ni mutu ya ngozi," alisema. "Papa Musubao amezeeka, mikono inatetemeka. Twende."

Tuliwapandisha mkewe na watoto nyuma ya lori, tukawafunika kwa magunia matupu, Adriko akakaa mbele kati yetu. Karibu na Bwera vijana wenye marungu walitusimamisha. Mmoja alichungulia ndani.

"Huyu mrefu ni nani? Mwanajeshi!"

"Fundi wa ngozi wa kiwanda," nilisema.

"Fundi? Basi aseme ngozi inatengenezwaje."

Nilihisi Adriko akivuta pumzi, nikaomba Mungu ajibu kwa upole.

"Sikiliza wewe!" alinguruma. Mama Kavira alishika rozari. "Ngozi nakauka ikiwa imefungwa! Kila asubuhi nakaza! Hapana jua kali, kivuli! Nyinyi watu ya hapa naweka juani, halafu nalia!"

Aliendelea. Alieleza magome, nyundo, mafuta, namna ya kusikiliza ngozi kwa kucha. Aliteremka garini ili aoneshe kwa mikono. Kijana mmoja aliuliza kuhusu ngozi ya mbuzi iliyomharibikia nyumbani, akafokewa vizuri na kupewa jibu. Hatimaye aliyekuwa kiongozi wao alishusha rungu.

"Mpitisheni," alisema kwa uchovu. "Mwanajeshi hawezi kujua mambo mengi hivi. Pitisheni, kabla hajaanza tena."

Walivuka mto wa mpakani kwa miguu, watoto wakiwa wamebeba magunia yetu kichwani kama wachuuzi.

Sikumwona tena. Lakini msimu uliofuata ngozi ilifika, imekaushwa barabara, ngumu na yenye kushika, nzuri kuliko zote tulizopata kutoka upande ule. Nilimuuliza Mama Kavira mtu wetu anaendeleaje.

"Anapigia ngozi makelele kila asubuhi sawa vile iko maaskari," alisema, akinipimia maharage. "Papa Musubao anasema mwanzoni aliogopa. Sasa anamuacha. Ngozi zinamusikia."